Haki ya Kuchagua na Haki ya Kutazamwa

Kitabu cha maonyesho ya tamasha la sinema ni kitabu kisichosomwa na mtu kwa ajili yake chenyewe. Mtazamaji hukifungua apate kujua saa na ukumbi. Akiisha kujua hukikunja, hukitia mfukoni, na jioni hukisahau juu ya kiti. Mimi nimejizoeza kukisoma kama watu wasomavyo wasia. Katika wasia majina yaliyoandikwa yana uzito wake, lakini jina lisiloandikwa aghalabu lina uzito kuliko yote. Na kila mtu aliyepata kuona ndugu wakigawana mali ajua ya kuwa ugomvi mkubwa huanza kwa yule ambaye hakutajwa.

Swali langu ni hili: je, mtu aliyeleta kazi yake, na jina lake lisionekane katika orodha, amedhulumiwa? Kama amedhulumiwa, basi kila tamasha ni kiwanda cha dhuluma, maana panapochaguliwa picha moja huachwa nyingi. Kama hakudhulumiwa, kwa nini mchaguzi mwema hapati usingizi usiku ule anapotia sahihi yake chini ya orodha? Nimeyaona macho ya wachaguzi asubuhi yake. Na mimi mwenyewe, kama nitakavyoungama huko mbele, nimewahi kuwa mmoja wao.

Swali la namna hii lataka mahali pa kusimama, nami nachagua mji wa Oberhausen, katika bonde la mto Ruhr, upande wa magharibi wa Ujerumani. Si mji wa fahari. Watu wake waliishi kwa makaa ya mawe na chuma. Na leo, baada ya machimbo kufungwa, jengo linaloonekana kwa mbali ni tangi kuu la gesi lililojengwa katika miaka ya 1920, lenye kimo cha zaidi ya mita 100, ambalo limegeuzwa kuwa nyumba ya maonyesho. Katika mji huo wa masizi, mwaka 1954, Hilmar Hoffmann, aliyekuwa mkuu wa shule ya watu wazima, alianzisha siku za kutazama picha fupi za sinema. Hapakuwa na bahari kama Cannes wala mifereji kama Venice, na hapakuwa na sababu yoyote ya mtu tajiri kupapitia. Tamasha lilizaliwa na shule, na tabia ya shule haikulitoka upesi: watu walitazama, kisha wakakaa wakabishana juu ya waliyoyaona.

Yafaa msomaji ajue pia hali ya picha fupi katika nchi ile siku zile, maana ina kichekesho chake. Mjini Wiesbaden palikuwa na baraza la kutathmini picha, lililoanza kazi mwaka 1951, na picha iliyopewa cheo cha kuwa na thamani ilimpunguzia mwenye ukumbi kodi ya starehe. Basi mwenye ukumbi aliweka picha fupi yenye cheo mbele ya picha ndefu, akili yake ikiwa kwenye hesabu ya kodi, na watazamaji wakaivumilia kama watoto wavumiliavyo dawa kabla ya asali. Sanaa nzima iliishi kwa msamaha wa kodi. Kwa hiyo mahali ambapo picha fupi ilitazamwa kwa ajili yake yenyewe palikuwa pachache mno, na aliyefungiwa mlango hapo hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa hoja yangu yalitegemea.

Mwaka 1958 tamasha lilijipa wito wake: njia ya kwenda kwa jirani. Neno jirani si dogo. Sisi tuliolelewa katika mitaa ya pwani twajua ya kuwa jirani si lazima awe rafiki. Jirani ni mtu ambaye moshi wa jiko lake huingia dirishani mwako, utake usitake. Jirani wa Ujerumani Magharibi katika mwaka ule alikuwa nani? Alikuwa Mpolandi, ambaye mji wake mkuu wa Warszawa ulibomolewa na majeshi ya Ujerumani mwaka 1944, alikuwa Mcheki na Mhungari, alikuwa Mrusi. Wote hao walikuwa ng'ambo ya mpaka ambao wakati ule uligawanya Ulaya kwa nyaya na bunduki, na mwaka 1961 uligawanya hata mji wa Berlin kwa ukuta. Serikali ya Bonn ilikuwa na kamati ya wizara kadhaa iliyozikagua picha zilizotoka katika nchi za ukomunisti, ikasema hii ipite na ile isipite. Katika hali hiyo, mji mdogo wa wachimbaji ulichapisha kitabu chenye orodha ya picha za majirani hao, ukaziweka sambamba na picha za nyumbani, saa moja baada ya nyingine, pasipo kuomba radhi. Wako waliouita tamasha jekundu. Hawakukosea kabisa kuona ya kuwa orodha ile ilikuwa tendo la siasa. Walikosea kudhani ya kuwa orodha isiyo na majirani isingalikuwa tendo la siasa vilevile.

Sasa turudi katika swali. Wengi watajibu upesi ya kuwa aliyeachwa hakudhulumiwa, kwa sababu hakuna mtu mwenye haki ya kukaribishwa katika nyumba ya mwingine. Mwenye karamu hualika amtakaye. Asiyealikwa hana mahali pa kushtakia, illa kwa moyo wake. Jibu hili lina nguvu, nami nililikubali kwa miaka mingi. Walakini lina ila moja: tamasha halifanani na chumba cha ndani. Linafanana zaidi na baraza. Baraza imejengwa kwa chokaa ya mwenye nyumba, na hapana anayekana kuwa ni yake. Lakini imejengwa upande wa njia, na mpita njia akikaa hapo kupumzika hafukuzwi kama mwizi. Mwenye nyumba anaweza kusema leo pamejaa, au leo pana msiba. Hawezi kujifanya hakumwona mtu aliyesimama mbele yake jua kali likimwakia. Tamasha la Oberhausen lilijengwa kwa fedha za mji, yaani fedha za wachimbaji. Liliita watu wa dunia walete kazi zao. Na, kama nilivyosema, aliyekataliwa hapo hakuwa na baraza nyingine katika mtaa ule. Mtu anayewaita watu waje, na kuwa peke yake awezaye kuwapokea, amejitwika deni asilokuwa nalo yule aliyealika marafiki zake chakula cha jioni.

Ni deni gani? Haliwezi kuwa deni la nafasi. Nafasi ni chache na siku ni chache. Siku hizi tamasha hilo hupelekewa maelfu ya picha kila mwaka, na jicho la mwanadamu huchoka. Kama kila mleta picha angekuwa na haki ya nafasi, orodha isingekuwa orodha, ingekuwa ghala. Watazamaji wangeketi humo tangu Januari hata Desemba, na wangekimbia kabla Februari haijaisha.

Niliwahi kumsikia msomi mmoja akitoa shauri la kura. Alisema: maadamu hatuwezi kuwapokea wote, na maadamu hukumu ya mwanadamu ina upendeleo, basi majina yatiwe katika kapu, mtoto afumbe macho achomoe. Hapo hapatakuwa na mkubwa wala mdogo, mwenye jina wala asiye na jina. Nilicheka nilipolisikia, kisha kicheko kikanitoka, maana shauri lile si la kipumbavu. Wagiriki wa Athene walichagua mahakimu wao kwa kura, na hatuwaiti wapumbavu. Nililifikiri kwa siku kadhaa hata nikaona linaponikwaza. Kura huwatendea watengenezaji wote sawa kwa sababu haimtazami hata mmoja wao. Usawa wake ni usawa wa kipofu. Na mtu aliyekesha mwaka mzima akitengeneza picha ya dakika kumi na mbili hakuileta ili ibahatike. Aliileta ili itazamwe. Akishinda kwa kura atafurahi kama aokotaye sarafu njiani, lakini hatajua kama kuna mtu aliyemwelewa. Akishindwa, hatajua kama kuna mtu aliyemfikiria.

Hapo ndipo nilipoliona deni lenyewe. Mchaguzi hawiwi nafasi, awiwa kutazama. Na hilo, ingawa laonekana dogo, ni gumu kulilipa kuliko nafasi.

Tuchukue mfano. Mwezi wa Februari 1961, Alexander Kluge na Peter Schamoni walionyesha Oberhausen picha yao fupi juu ya majengo ya mawe ambayo chama cha Hitler kilijijengea mjini Nürnberg. Picha haina masimulizi ya kawaida. Mna ngazi, nguzo, madirisha, na sauti za wakati uliopita zikisikika juu ya mawe matupu. Kwa mtu aliyezoea picha za mapumziko na milima, ambazo zilijaa katika kumbi za nchi ile, dakika zile zingeweza kuonekana ni makosa ya fundi. Ilihitaji mtu akae atazame mpaka mwisho apate kufahamu ya kuwa mawe yale yalikuwa yakishtakiwa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Februari 1962, vijana 26, Kluge akiwa mmoja wao, walitoa tamko lao katika tamasha hilohilo, wakasema ya kuwa sinema ya zamani imekufa na ya kuwa wao wataunda mpya. Tamko lile lilizaa matunda: mwaka 1965 pakaanzishwa mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa picha za kwanza, na ile inayoitwa Sinema Mpya ya Ujerumani ikapata mahali pa kuota. Wasomi hulitaja kila mara kama siku ambayo walioachwa nje walivunja mlango.

Ni kweli, nami nawaheshimu. Lakini nihesabupo majina yale 26 naona yote ni ya wanaume. Hawakukusudia ubaya, nadhani hawakukusudia chochote katika jambo hilo, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mtu aliyelia kwamba hatazamwi alishika kalamu akaandika orodha yake, na katika kuandika hakutazama upande wa pili wa chumba. Ilipita miaka 11 ndipo Helke Sander na Claudia von Alemann walipoitisha mjini Berlin, Novemba 1973, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa picha za wanawake. Sitaki mtu afahamu ya kuwa nawadharau vijana wa 1962. Nataka kusema tu ya kuwa kudhulumiwa hakumfundishi mtu kuchagua kwa haki. Humfundisha kuomba nafasi. Kutazama hujifunza mahali pengine, kama akijifunza.

Mwaka 1968 ndio unaonisumbua zaidi katika historia ya tamasha hili. Hellmuth Costard alileta picha fupi ambayo jina lake lilikuwa lilelile la cheo cha juu cha baraza la Wiesbaden: yenye thamani maalumu. Ndani yake kiungo cha siri cha mwanamume kinaonekana kikisoma maneno ya sheria mpya ya kusaidia sinema, yale yanayokataza msaada kwa picha zinazovunja maadili. Ilikuwa dhihaka kali, na si kila mtu aliyestaarabika angependa kuitazama baada ya chakula. Kamati ya uchaguzi iliitazama, ikaichagua. Kisha hofu ya mwendesha mashtaka ikawaingia wenye madaraka ya tamasha, na picha ikatolewa katika orodha. Hapo wengi wa watengenezaji wa Ujerumani Magharibi wakaziondoa picha zao, na orodha ikabaki na mashimo kama meno ya mzee.

Ni rahisi kumcheka mwenye hofu. Mimi simcheki. Aliyekuwa na dhamana ya tamasha lile alijua ya kuwa fedha ni za mji, na ya kuwa mji una wazee na wapinzani wake; akajiuliza, je, nipoteze baraza nzima, pamoja na majirani wote walioketi juu yake, kwa ajili ya dakika chache za dhihaka? Mlezi wa nyumba hujiuliza maswali ya namna hiyo kila siku, na asiyejiuliza hatumwiti shujaa, twamwita mzembe. Hata hivyo naona palitendeka kosa, na nataka kulitaja kwa uangalifu. Kosa halikuwa kuiacha picha. Kila picha yaweza kuachwa. Kosa lilikuwa kwamba jicho lililotazama na mkono uliofuta havikuwa vya mtu mmoja. Waliotazama walisema ndiyo. Aliyefuta hakuulizwa picha ile yasema nini. Aliulizwa mtu wa tatu, asiyekuwamo chumbani, ataionaje. Na mtu huyo wa tatu bado hakuwa amenena kitu mahakamani. Mchaguzi aliazima jicho la mwingine, tena jicho alilolikisia tu, akalitumia kuhukumu kazi ya mtu aliyekuja kwake kwa kuliamini jicho lake.

Na wale walioondoa picha zao? Walisimama na mwenzao, na jambo hilo lina utukufu wake. Lakini mchimbaji aliyelipa kiingilio chake apate kutazama naye alikuwa na haki, na haki yake siku ile ilifutwa mara mbili, kwanza na mwoga, kisha na jasiri. Sijapata kumwona mtu aliyemwandikia mchimbaji huyo tamko. Mambo hayo hayakuisha na mwaka ule. Mwaka 2023 mkurugenzi wa tamasha alitoa maneno hadharani kwa sababu ya vita vilivyoanza Oktoba baina ya Israel na Hamas. Watu wengi wa sinema wakampinga kwa barua ya wazi, na baadhi yao wakakataa kupeleka picha zao. Siingii katika ugomvi ule. Nautaja kwa kuwa waonyesha ya kuwa mtengenezaji naye ni mchaguzi: huchagua baraza ya kuketi, na huondoka akiona mwenye nyumba amesema neno asiloweza kulikalia.

Jambo la upendeleo kwa watu wa nyumbani nitalipita upesi. Tamasha hili lina mashindano ya kimataifa, lina ya Wajerumani, tena lina ya watu wa mkoa wake peke yake. Wako wanaosema hayo ya mwisho ni kumpa mtoto wa nyumbani kiti ambacho mgeni angekikalia kwa haki zaidi. Siwaungi mkono. Upendeleo uliotangazwa mlangoni kwa herufi kubwa haumdanganyi mtu. Upendeleo wenye sumu ni ule unaojiita hukumu. Watoto nao wana mashindano yao, na baraza lao la waamuzi ni la watoto wenyewe; nami nimeisifu akili ya aliyelianzisha, maana mtoto hatazami kwa jicho la kuazima, hata akitaka hawezi.

Sasa niungame. Zamani kidogo niliwekwa katika kamati ya watu watatu iliyochagua picha fupi kwa maonyesho ya siku mbili. Hayakuwa makubwa, na sitayataja jina. Picha zilikuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, na mashine ilikuwa moja. Tulianza kwa bidii; siku ya tatu tulikuwa tukitazama dakika tano tano; siku ya nne tulikuwa tukinywa chai huku picha zikijiendesha. Kijana mmoja alileta picha juu ya babu yake afumaye nyavu. Ilianza na mikono, mikono, mikono tena. Baada ya dakika nne mwenzangu alisema, hii imekwisha kueleweka, tukaizima. Hatukuichagua.

Baada ya maonyesho kijana alinijia. Hakukasirika. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, akakaa kidogo, kisha akaniuliza swali moja, "Mzee, mliitazama mpaka mwisho?" Nikamjibu, "Tuliitazama." Akasema, "Basi nashukuru," akaenda zake. Angeniuliza kwa nini hatukuichagua ningempa sababu kumi, na labda zote zingekuwa za haki. Hakuniuliza hilo. Aliniuliza juu ya deni lile moja nililokuwa nikiwiwa, nami nikalilipa kwa uwongo. Naye, kwa kuniamini, akanishukuru kwa malipo asiyoyapata.

Nimezisoma hoja nyingi juu ya haki ya mchaguzi tangu siku ile, na nyingine nimezitunga mwenyewe, hapana hata moja inayosimama mbele ya ile "nashukuru." Mwaka mmoja baadaye nilimtafuta nikaiomba picha yake. Sikumwambia sababu. Nikaitazama usiku, peke yangu, tangu mwanzo hata mwisho, dakika kumi na nane. Katika dakika ya kumi na tano mikono yasimama, na mtu afahamu ya kuwa mzee ni kipofu, na ya kuwa wavu ule haukusudiwi kwenda baharini. Nikakaa kimya muda mrefu. Kisha nikajiuliza, kama mtu aliyeapishwa, kama ningeiweka katika orodha yetu ya siku mbili zile. Na jibu langu, baada ya kuipima na zile tulizozichukua, lilikuwa ningeiacha, maana sauti yake ilikuwa mbovu na katikati ililegea. Nilimrudishia picha yake asubuhi. Aliniuliza nimeionaje safari hii ya pili, na hapo ikanibidi nimwambie ya kuwa haikuwa ya pili.